Gari limeshushwa, sasa linakula tairi na linavuta: kusoma dalili na kupanga alaimenti upya

Alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) iliyokuwa sahihi kabla ya kushusha gari ilikuwa sahihi kwa kimo cha zamani. Bodi ikishuka milimita 30 au 40, kontroamu (mikono inayoshikilia magurudumu kwenye chasisi) zinabadili mwinamo, tairodi (fimbo zinazogeuza magurudumu ya mbele) zinafuata tao lao, na magurudumu yanahama bila mtu kugusa nati hata moja. Ndiyo maana karibu kila gari lililofungwa springi fupi au koilova (shokapu na springi pamoja, zenye pete ya kurekebisha kimo) linahitaji kupimwa upya. Tatizo ni kwamba wengi hulipeleka kwenye mashine ya alaimenti siku hiyohiyo ya kazi, wanapewa karatasi ya kijani kuanzia juu hadi chini, kisha baada ya wiki chache tairi limekwisha upande wa ndani. Mara nyingi mashine ilipima vizuri kabisa, ila ilipima gari ambalo bado halijatulia.

Maneno matatu yatajirudia. Kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama gari kwa mbele. Ikiwa hasi, sehemu ya juu ya tairi imeingia ndani. Too ni mwelekeo wa magurudumu ukiyatazama kutoka juu: kwenye too ya ndani pua zake zinaelekeana, kwenye too ya nje zinaachana. Kasta ni mwegamo wa mhimili ambao gurudumu la mbele huzungukia linapokata kona, ukilitazama gari kwa ubavu. Kushusha gari huigusa kasta kidogo tu, isipokuwa mbele na nyuma zimeshushwa kwa tofauti kubwa.

Kabla ya kutafuta ugonjwa: kimo, upepo na bushi

Springi mpya hukaa baada ya kubeba gari kwa siku kadhaa, na raba za maunti ya juu (kishikizo cha shokapu kwenye bodi) hujibana. Endesha kilomita 200 hadi 500 kabla ya alaimenti ya mwisho. Lakini kama usukani umepinda waziwazi au magurudumu yanaonekana kwa macho kuwa yameachana, usiende kilomita hizo ukiwa hivyo. Panga too kwa tepu kwanza, kama tunavyoeleza chini, maana too mbaya inaweza kumaliza tairi jipya kabla springi hazijatulia.

Pima kimo kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) kwenda juu hadi ukingo wa fenda. Ukipima kutoka ardhini, upepo wa tairi unaingia kwenye hesabu na kukupotosha. Tofauti ya kushoto na kulia kwenye ekseli moja isizidi milimita 5. Kwa koilova, usifukuzie kimo kwa kukaza pete ya springi upande mmoja tu ukasahau mgandamizo wake. Kabla ya kusawazisha, fungua linki moja ya staibilaiza (chuma kinachounganisha magurudumu mawili ili bodi isilale sana kwenye kona), kwa sababu linki iliyobanwa hunyanyua upande mmoja na kukufanya urekebishe kitu ambacho hakijaharibika. Kimo kikishakuwa sawa, irudishe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Kama tundu la bolti halilingani, unahitaji linki inayorekebishika urefu.

Sasa bushi. Hapa ndipo kazi nyingi za kushusha gari huharibikia, na mmiliki hulaumu springi. Bushi ya kontroamu ina bomba la chuma katikati ambalo bolti hulibana kwenye chasisi, na raba iliyoshikamana na bomba hilo kwa ndani na mkono kwa nje. Mkono ukipanda na kushuka, raba ndiyo inayojipinda. Bolti ikikazwa gurudumu likiwa linaning'inia kwenye jeki, raba inachukua mkao huo wa kuning'inia kuwa ndiyo nyumbani kwake. Gari likishushwa chini, raba inabaki imesokotwa saa zote. Matokeo yake ni gari kukaa juu kwa milimita kadhaa kuliko ilivyotarajiwa, kuwa gumu kwenye matuta madogo, na baada ya miezi raba kuchanika. Mkono wenye bushi iliyochanika husogea ukifunga breki, na too inasogea nao. Gari la namna hiyo hupimwa vizuri likiwa limesimama na kula tairi likiwa linatembea.

Dawa yake ni rahisi. Weka gari juu ya njia ya kupandia, au juu ya mbao imara zenye unene sawa chini ya magurudumu yote manne, ili uzito wote uwe kwenye springi. Legeza kila bolti inayopita katikati ya bushi ya raba, mbele na nyuma, pamoja na bolti ya chini ya shokapu pale inapopita kwenye bushi. Gandamiza bodi mara tano au sita kila kona. Kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa kipimo cha mtengenezaji wa gari. Bolijointi (viungo vya chuma vyenye kichwa cha duara) hazihusiki hapa, kwa kuwa huzunguka zenyewe.

Kisha pandisha kila gurudumu kwa jeki, lishike saa 3 na saa 9 ulitikise kuangalia tairodi, kisha saa 12 na saa 6 kwa bolijointi na beringi. Kitu kikiwa kimelegea, kibadilishe kabla ya alaimenti. Kupanga pembe juu ya bolijointi iliyochoka ni kutupa pesa.

Dalili: tairi linalika upande wa ndani

Lawama hupewa kemba kwanza, kwa kuwa inaonekana kwa macho. Kwa gari la barabarani lenye kemba hasi ya digrii 1.5 hivi, muuaji kwa kawaida ni too. Fanya hesabu: too ya nje ya milimita 5 kwa jumla, kwenye tairi la kipenyo cha milimita 600, ni milimita 2.5 kwa kila gurudumu. Maana yake kila tairi linaburuzwa kwa ubavu karibu mita 4 katika kila kilomita unayotembea. Kemba hasi nayo imeulaza uzito kwenye bega la ndani, kwa hiyo buruzo lote linaangukia hapo. Tairi linafika kwenye waya ndani huku nje likionekana jipya. Ukisimama kando ya gari huoni kitu. Kata usukani hadi mwisho ndipo utazame.

Mkono unatofautisha visababishi hivi viwili. Pitisha kiganja juu ya meno ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha ndani kwenda nje. Likiwa laini ukienda ndani na likikwaruza ukirudi nje, ni too ya ndani iliyozidi. Likikwaruza ukienda ndani na kuwa laini ukirudi, ni too ya nje. Likiwa laini pande zote mbili lakini bega la ndani limeisha, hiyo ndiyo kemba peke yake. Yakilika mabega yote mawili na katikati kubaki, ni upepo mdogo, wala usiguse alaimenti.

Kwa nini too ihame? Tairodi na kontroamu huzunguka kwenye vituo tofauti na kwa urefu tofauti. Gurudumu likipanda kuelekea bodini, ncha ya tairodi huvutwa ndani au kusukumwa nje. Raki ya usukani (chombo kinachosukuma tairodi ukigeuza usukani) ikiwa nyuma ya ekseli, kuvutwa ndani huleta too ya nje na kusukumwa nje huleta too ya ndani. Raki ikiwa mbele ya ekseli, ni kinyume chake. Usikisie kwa kusikia gari la mwenzako lilifanyaje. Pima lako.

Panga too kwanza. Kwa gari la kila siku lililoshushwa, vipimo vya busara ni hivi: mbele, sifuri hadi milimita 1 ya too ya ndani kwa jumla, nyuma, milimita 1 hadi 3 ya too ya ndani kwa jumla, kemba ya mbele kati ya digrii hasi 1 na hasi 1.5, ya nyuma kati ya hasi 1.5 na hasi 2. Kitabu cha gari kikitaja kitu tofauti sana kwa too ya nyuma, kifuate kitabu.

Kemba ikipita hasi 2 mbele na hukimbii kwenye mzunguko wa mashindano, ipunguze. Kwenye gari ambalo shokapu imefungwa kwa bolti mbili kwenye nako (kipande cha chuma kinachoshika habu), jaribu kwanza njia isiyo na gharama: legeza bolti zote mbili, sukuma sehemu ya juu ya gurudumu itoke nje kadiri uwazi wa matundu unavyoruhusu, kaza ukiwa umeishikilia hapo. Unaweza kupata sehemu ya digrii. Isipotosha, nunua bolti za kemba zenye kiuno chembamba na kijino cha pembeni. Kwa kawaida huwekwa kwenye tundu la juu na hutoa kati ya digrii 1 na 1.75 kutegemea saizi. Futa kutu na grisi kwenye nyuso zinazogusana, na zikaze kwa toki iliyoandikwa na mtengenezaji wa bolti hizo, si ile ya bolti ya asili, maana chuma ni chembamba. Piga alama ya rangi kwenye kichwa na kwenye nako. Baada ya kilomita 100 angalia kama alama imehama. Kutoboa au kulima tundu la nako kwa tupa tunakukataza kabisa. Nako ndiyo inayobeba gurudumu.

Gari lenye mikono miwili, juu na chini, huongeza kemba hasi haraka zaidi likishushwa na halina bolti ya kuchezea kwenye shokapu. Hapo unahitaji mkono wa juu unaorekebishika. Nyuma, mkono wa kurekebisha kemba ukifungwa huhamisha too pia. Hakikisha bolti ya too ya nyuma bado ina nafasi ya kuzungushwa, la sivyo utapata kemba nzuri na too usiyoweza kuirudisha. Gari lenye ekseli ya bimu nyuma halibadiliki sana kwa kushushwa. Likionyesha pembe mbaya, tafuta bimu iliyopinda au habu iliyogongwa. Shimu zenye unene wa kabari kati ya habu na bimu ndizo pekee zinazorekebisha hapo.

Kupima too nyumbani kwa tepu

Hii haichukui nafasi ya mashine, lakini inaokoa matairi yako wakati springi zinatulia, na inakuonyesha kama mashine imekupa ukweli.

Pandisha gurudumu la mbele, lizungushe, na huku likizunguka chora mstari mwembamba katikati ya meno kwa msumari ulioshikiliwa juu ya gogo lisilotikisika. Fanya hivyo pande zote mbili. Mstari uliochorwa hivyo haujali kama rimu imepinda kidogo. Shusha gari, lisukume mbele mita 2 ili magurudumu yatulie kwenye mkao wake, usukani ukiwa umenyooka. Usilisukume nyuma, likirudi nyuma raba hulegea upande wa pili na kipimo kinadanganya. Pima umbali kati ya mistari upande wa nyuma wa matairi, kwenye kimo cha habu. Pima pia mbele kwa kimo hichohicho. Nyuma ikiwa kubwa kuliko mbele, una too ya ndani kwa kiasi hicho cha milimita.

Kurekebisha, legeza nati ya kufungia kwenye tairodi na uzungushe pande zote mbili kwa kiasi sawa. Zungusha kidogo. Kwa mfano, uzi wenye hatua ya milimita 1.5 ukifanya kazi kwenye mkono wa usukani wa milimita 130, mzunguko mmoja kamili ni karibu digrii 0.66, yaani takribani milimita 7 kwenye tairi la milimita 600. Robo ya mzunguko kila upande ni kiasi kikubwa tayari. Shika klipu ya bati au buti ya raki (mfuko wa raba unaofunika ncha yake) isijisokote unapozungusha, maana buti iliyosokotwa hupasuka na kuingiza maji kwenye raki.

Kemba unaipima kwa ubao ulionyooka uliosimamishwa juu ya rimu na timazi. Kwenye rimu ya milimita 400, tofauti ya milimita 7 kati ya juu na chini ni digrii 1. Sakafu lazima iwe tambarare. Sakafu yenye mteremko wa kushoto kwenda kulia itakuonyesha kemba ambayo gari halina.

Dalili: gari linavuta upande mmoja

Anza na vitu visivyo alaimenti. Upepo uwe sawa. Endesha kwenye barabara pande zote mbili, maana barabara nyingi zina mteremko wa kumwaga maji na gari lolote litaufuata kidogo. Gusa rimu baada ya mwendo bila kufunga breki sana. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, kalipa ya breki imekwama. Kisha badilishana matairi ya mbele, kushoto kwenda kulia. Mvuto ukigeuka upande, ni tairi. Matairi yenye mshale wa mwelekeo usiyavushe. Yabadilishane na ya nyuma upande huohuo.

Ikibaki pembe, tazama tofauti ya pande mbili na si namba yenyewe. Gari huvuta kuelekea upande wenye kemba iliyo chanya zaidi, na kuelekea upande wenye kasta chanya ndogo zaidi. Tofauti ikizidi nusu digrii kwa kimojawapo, utaisikia mikononi. Too ya mbele hugawanyika yenyewe pande zote mbili ukiendesha, kwa hiyo si kawaida kuvuta kwa sababu yake.

Kemba ikiwa imezidi hasi upande mmoja na kupungua kwa kiasi kilekile upande wa pili, shuku krosimemba (fremu ya chini inayobeba kontroamu). Mara nyingi ilishushwa au kulegezwa wakati wa kazi na haikurudi katikati. Legeza bolti zake, isogeze kwa mtaimbo upande unaohitajika, kaza. Kama kwenye mashine jumla ya kemba na mwegamo wa mhimili wa usukani ukitazamwa kwa mbele inalingana pande zote mbili, vyuma ni vizima na kilichohama ni krosimemba. Jumla hiyo ikitofautiana, na hakuna bolti ya kemba iliyochezewa, nako au shokapu imepinda.

Dalili: gari linakwenda sawa lakini usukani umekaa upande

Mashine ilipanga mbele bila kujali nyuma. Magurudumu ya nyuma yakielekea kushoto kidogo, gari linatembea kwa ubavu na wewe unashikilia usukani kulinyoosha. Nyuma hupangwa kwanza, kila gurudumu kwa kipimo chake na si kwa jumla tu, kisha mbele. Kwa ekseli ya nyuma iliyo kipande kimoja yenye mkono wa kuvuka, kushusha gari husukuma ekseli yote kuelekea upande ambao mkono huo umefungwa kwenye ekseli. Pima pengo la tairi na fenda kila upande, na tofauti ikikusumbua weka mkono unaorekebishika.

Usikubali fundi achomoe usukani na kuurudisha umenyooka. Hilo linahamisha kitovu cha raki na cha sensa ya usukani, na gari litakata kona vibaya upande mmoja kuliko mwingine.

Dalili: gari linakimbiakimbia kwenye mashimo na michirizi

Too ya nje mbele hufanya hivi, na tairi pana lenye kemba nyingi huzidisha. Kama too ni nzuri likisimama, basi inabadilika gurudumu likipanda na kushuka. Toa springi au iachie, funga gurudumu lisizunguke, lipandishe kwa jeki milimita 10 kila hatua hadi milimita 50, ukipima too kila hatua. Ikihama kwa milimita kadhaa, tairodi haiko sambamba na kontroamu. Tiba ni tairodi endi za kurekebisha kimo, pamoja na bolijointi ndefu za kurudisha kontroamu kwenye mwinamo wake.

Bolijointi hizo zinasaidia jambo jingine pia. Kwenye gari ambalo shokapu ya mbele imefungwa moja kwa moja kwenye nako, kontroamu ikipita usawa na kuanza kuinama upande wa kuelekea bodini, gurudumu linaacha kupata kemba linapobanwa kwenye kona na bodi inapata nguvu kubwa zaidi ya kulala. Gari lililoshushwa kupita kiasi hulala zaidi ya lilivyokuwa, na springi ngumu huficha tu. Kontroamu zikiwa zimeinama kinyume hivyo, pandisha gari milimita 10 hadi 15 kabla ya kununua kitu chochote.

Dalili: nyuma inaogelea ukifunga breki, na tairi la nyuma lina vilima na mabonde

Too ya nje nyuma. Ni ya hatari kuliko zote hapa, maana gari linaweza kukugeuka kwenye kona yenye maji. Panga too ya ndani nyuma leo, usisubiri springi zitulie. Vilima kwenye tairi vinaonyesha pia shokapu zimekufa, au gari limekalia stopa za mpira na gurudumu linadundadunda. Weka kiasi kidogo cha grisi kwenye shina la shokapu chini ya stopa, endesha, kisha ona kama imeguswa. Stopa inayoguswa kwa kila tuta inahitaji kufupishwa kwa kipimo cha mtengenezaji wa springi, au gari lipandishwe.

Ukienda kwenye mashine

Tangi liwe nusu, buti iwe tupu, na kama kawaida unaendesha peke yako, mtu wa uzito wako akae kwenye kiti. Mwambie fundi kabla hajaanza kwamba gari limeshushwa na mpe vipimo vyako, kwa sababu mashine ina namba za kimo cha asili na rangi ya kijani inamaanisha hizo tu. Mpangilio wa kazi ni nyuma kwanza. Kwenye mbele, kasta, kemba, na too mwisho, kwa kuwa kila ukigusa kemba, too inahama. Dai karatasi ya kabla na ya baada, pande zote mbili.

Baada ya hapo taa ya udhibiti wa uthabiti ikiwaka kwenye dashibodi, sensa ya usukani inahitaji kuwekwa sifuri kwa kifaa cha uchunguzi. Gari lenye sensa za kimo linahitaji sensa hizo zipangwe upya, na lenye kamera ya kutunza njia nyuma ya kioo linahitaji kamera ipimwe tena. Taa kubwa ziangalie usiku ukutani ukiwa mita 10: pua ikiwa imeshuka kuliko nyuma zinamulika karibu mno, na ikiwa nyuma imeshuka zaidi zinawapofusha wanaokuja. Skrubu ya kuzipanga iko nyuma ya taa yenyewe.